Klima imechoka: usafishe, ubadilishe mashine ya ndani, seti nzima, au uhamie klima ya darini? Ulinganisho kwa nyumba za Lubumbashi

Mwenye nyumba akisema klima yake haipozi tena, inanuka, au inamwaga maji ukutani, mafundi humpa mojawapo ya majibu manne. Tuisafishe kabisa. Tubadilishe mashine ya ndani peke yake. Tununue seti mpya, ya ndani na ya nje. Ama tuweke klima ya darini, ile inayofichwa juu ya plafo na kupeleka hewa vyumbani kwa mifereji. Majibu hayo yanapishana sana kwa gharama, na hasara kubwa hutokana na kudhani kwamba yote manne yanatibu ugonjwa mmoja.

Ubaridi ni jambo moja, usafi wa hewa ni jambo lingine. Klima ya kawaida ya ukutani haiingizi hewa ya nje. Inavuta hewa ileile ya chumba, inaipitisha kwenye koili baridi (mabomba membamba ya gesi yenye mapezi ya alumini), inairudisha. Vumbi laini lililomo linabaki linazunguka, na pumzi za waliolala vilevile. Mtu anayetaka usingizi mzuri na kifua chepesi analipia vitu viwili, na ni afadhali ajue hivyo kabla hajatoa pesa.

Mji wenyewe unadai nini

Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kwa takriban asilimia 13 kuliko ile ya pwani. Feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile inabeba hewa yenye uzito mdogo zaidi, na ubaridi unabebwa na uzito wa hewa, si ujazo wake. Kwa hiyo mashine iliyoandikwa 12,000 BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) itatoa pungufu kidogo. Hiyo si sababu ya kurukia 18,000. Ni sababu ya kutochagua mashine inayotosha kwa shida tu.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: chumba chenye plafo na kivuli, zidisha mita za mraba kwa 600 BTU, chumba kinachopigwa na jua la alasiri, zidisha kwa 750. Chumba cha mita 4 kwa 4 chenye plafo kinahitaji takriban 9,600, yaani mashine ya 9,000 (sokoni huitwa 1 CV) itakuwa kwenye mpaka, na ya 12,000 (1.5 CV) itatosha kwa raha. Nyumba iliyoezekwa manjanja (mabati) bila plafo haina kipimo kinachoeleweka. Weka plafo kwanza, maana pesa ya plafo itakuokolea CV nzima.

Kuzidisha ukubwa kuna adhabu yake, na hiyo adhabu inakuja wakati wa mvua. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ina unyevu mwingi. Klima huondoa unyevu pale tu koili inapokuwa baridi kwa muda mrefu na maji yanapodondoka kwenye sinia. Mashine kubwa mno inafikisha nyuzi ulizotaka kwa dakika chache, inazima, na maji yaliyobaki kwenye koili yanarudi hewani. Chumba kinakuwa baridi na chepechepe, shuka zinanata, ukungu mweusi unaanza nyuma ya kabati.

Kisha kuna kiangazi. Usiku wa Juni na Julai ni baridi kiasi kwamba watu wanawasha mbabula, jiko la makala (mkaa), ndani ya nyumba. Kwa sababu hiyo tu, ukinunua klima mpya, chagua inayotoa joto pia. Tofauti ya bei si kubwa, na inaondoa makala chumbani.

Kabla ya kununua chochote, ipime

Kipimajoto cha kawaida kinatosha. Weka klima kwenye 18 °C, feni juu kabisa, subiri dakika 15. Pima hewa inayoingia juu, penye filta, halafu hewa inayotoka chini. Tofauti ikiwa kati ya 8 na 12 °C, mfumo wa baridi ni mzima: shida yako ni ukubwa wa mashine, jua, au nyufa za madirisha. Wakati wa mvua tofauti inaweza kushuka kidogo, kwa kuwa nguvu nyingine inatumika kukausha hewa. Ikiwa chini ya 6 °C, tafuta sababu kwa mpangilio huu: filta, gurudumu la feni, koili ya ndani, koili ya nje. Gesi inakuja mwisho, ingawa mafundi wengi wanaanza nayo.

Gurudumu la feni ndilo linalosahauliwa. Fungua mdomo wa kutolea hewa, mulika kwa tochi. Utaona silinda ndefu ya plastiki yenye mapezi membamba yaliyopinda. Kila pezi linapaswa kuwa na ukingo mkali. Baada ya kiangazi kimoja cha Lubumbashi bila usafi, upinde wa kila pezi unakuwa umejaa mkeka wa kijivu wenye wekundu wa udongo, na ukiugusa kwa kijiti unabanduka vipande vipande kama kitambaa kilicholowa. Filta inaweza kuwa safi kabisa na gurudumu likawa hivyo, sababu wavu wa filta ya kawaida unakamata nywele na nyuzi tu, vumbi laini linapita. Pezi lililojaa halichoti tena hewa. Kelele ya feni inabaki ileile, lakini upepo haufiki kitandani, koili inakosa hewa, bomba linaanza kuganda barafu, na fundi asiye makini anasema gesi imepungua.

Usafi wa kweli ni kazi ya saa moja na nusu hadi mbili. Zima disjonkta (swichi ya usalama kwenye ubao wa umeme), si telekomandi tu. Funika kadi ya elektroniki kwa nailoni, funga mfuko mkubwa chini ya mashine wenye bomba la kupeleka maji kwenye ndoo, kisha nyunyiza maji na sabuni laini ya vyombo kwa pampu ya mkono kama ile ya dawa ya shamba. Maji ya kwanza yatatoka meusi. Endelea mpaka yatoke meupe. Usitumie javeli wala soda kali: vinakula mapezi ya alumini, na koili iliyoliwa haitengenezeki. Suuza sinia na bomba la maji, kisha acha feni peke yake ikaushe kwa nusu saa.

Mashine nyingi zinazotupwa zilikuwa zinahitaji hilo tu. Pima tena baada ya kuosha. Ikiwa sasa inatoa 9 au 10 °C ya tofauti na gesi yake si R22 (gesi ya zamani, tutaieleza chini), usinunue klima mwaka huu. Hamishia pesa kwenye usafi wa hewa, tutakaoufikia chini.

Na neno kuhusu gesi: haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inayojazwa kila mwaka inavuja, mara nyingi kwenye maungio ya bomba nyuma ya mashine ya ndani au kwenye vali za mashine ya nje. Kujaza bila kutafuta mvujo ni kulipa pesa ileile tena msimu ujao.

Mashine ya ndani peke yake, au seti nzima?

Wazo la kubadilisha ya ndani peke yake linavutia: ya nje bado inanguruma, kwa nini kuitupa? Kwa klima ya ukutani, mara nyingi ni akiba ya uongo. Sababu ni nne, na moja ikikukuta inatosha.

Ya kwanza ni gesi. Klima za zamani zinatumia R22, gesi inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal, nchi zinazoendelea zinapaswa kuachana nayo ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha matengenezo. Mashine mpya za ndani ni za R410A au R32. Shinikizo la R410A ni kubwa kuliko la R22 kwa takriban asilimia 60. Anayejaza R410A kwenye mashine ya nje ya R22 "kwa kuwa ndiyo iliyopo" anaweka kompresa (pampu ya gesi iliyo kwenye mashine ya nje) na mabomba kwenye shinikizo ambalo hayakutengenezewa, na yanaweza kupasuka mbele ya uso wa mtu.

Ya pili ni oili. R22 inatembea na oili ya madini, R410A na R32 zinatembea na oili ya kutengenezwa. Hizo mbili hazichanganyiki vizuri; oili isiyorudi kwenye kompresa inaikausha, na kompresa iliyokauka inakwama.

Ya tatu ni mazungumzo. Katika klima za inverta (zile zinazopandisha na kushusha kasi ya kompresa), ya ndani na ya nje zinatumiana ujumbe kwa waya. Kampuni mbili tofauti, au hata mifano miwili ya kampuni moja, hazielewani. Utapata namba ya hitilafu kwenye kioo na feni isiyogeuka.

Ya nne ni ukubwa. Ya ndani ya 18,000 kwenye ya nje ya 12,000 haikupi 18,000. Inakupa koili isiyo baridi ya kutosha, ambayo haikaushi hewa.

Kuna hali moja ambapo kubadilisha ya ndani pekee ni sawa kabisa: seti haijafikisha miaka mitano, ya nje ni nzima, gesi ni R410A au R32, na unaipata ya ndani yenye namba ileile ya mfano. Hili hutokea radi ikichoma kadi ya ndani, au koili ya ndani ikianza kuvuja. Ikiwa kadi peke yake ndiyo iliyokufa, ulizia kadi kwanza. Usikubali kadi ya jumla ya telekomandi kwenye klima ya inverta. Zile zimetengenezwa kwa klima za kawaida.

Vipi mabomba ya shaba ya zamani yaliyo ndani ya ukuta? Kama ni ya R22, na umbali hauzidi mita tano au sita, yabadilishe. Shaba mpya yenye unene wa milimita 0.8 ni rahisi kuliko kompresa. Kama yamezikwa na haiwezekani kuyatoa, yasafishwe kwa dawa ya kusafishia mabomba, yapulizwe kwa azoti, na midomo yake ikatwe na kutanuliwa upya. Mdomo wa zamani haukazwi mara ya pili.

Seti ya kawaida au ya inverta: swali la SNEL, kampuni ya umeme

Klima ya kawaida inajua kuwaka na kuzima tu. Ya 12,000 BTU ikitembea inakula takriban wati 1,100, yaani ampea 5 hivi, lakini dakika inayoanza inavuta ampea 20 hadi 30 kwa muda mfupi. Ya inverta inaanza taratibu, inapanda, na chumba kikishapoa inashuka hadi wati 300 au 400 na kuendelea polepole. Kwa usiku mzima wa mvua, huko kushuka ndiko kunakoleta raha: koili inabaki baridi muda wote, unyevu unatoka, hakuna kuamshwa na kompresa inayoshtuka.

Tatizo ni volti. Kabla ya kuchagua, pima volti kwenye priza ya chumba kwa multimeta kati ya saa 12 jioni na saa 4 usiku, siku tatu nne, taa na friji zikiwa zimewashwa. Ukiona 190 na zaidi, inverta bila shaka. Kati ya 160 na 190, inverta bado ndiyo bora, maana nyingi zinavumilia kuteremka huko (soma kitabu chake, mipaka huandikwa), wakati ya kawaida itajaribu kuanza, ikwame, ivute ampea nyingi na kupasha waya za kompresa moto mpaka kizuizi kizime. Ikifanya hivyo kila jioni, kompresa haimalizi mwaka. Chini ya 160, hakuna ya kununua bila regileta, kifaa cha kusawazisha volti.

Regileta nayo ina hila. Iliyoandikwa kVA 5 (kipimo cha nguvu ya umeme) inatoa hizo 5 pale volti inayoingia iko karibu na 220. Ikiingiziwa 150 inapoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Kwa klima moja ya 12,000 ya kawaida, nunua kVA 5, yenye kuanzia volti 140, na yenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi. Huko kuchelewesha ni muhimu kuliko yote: baada ya delestaji (mgao wa umeme) umeme hurudi kwa mshtuko, na kompresa ambayo shinikizo lake halijatulia ikilazimishwa kuanza, inaungua.

Inverta ina udhaifu wake, nao ni kadi. Katanga ina radi nyingi, na kadi ya mashine ya nje ndiyo inayokufa kwanza. Weka parafudri (kinga ya radi) kwenye ubao wa disjonkta na waya wa ardhi wa kweli wenye nguzo iliyochimbiwa, maana parafudri bila waya wa ardhi ni pambo. Ngurumo ikikaribia, teremsha disjonkta. Uliza pia, kabla ya kulipa, kama muuzaji ana kadi za mfano huo mjini au anaziagiza Afrika Kusini. Chapa nzuri isiyo na vipuri huku ni chapa mbaya.

Wenye jenereta au paneli za jua hawana haja ya kufikiri sana: ya kawaida ya 12,000 inadai jenereta ya kVA 3 hadi 4 ili tu ianze, ya inverta itaridhika na 2. Na mashine zinazoletwa kutoka nchi za hezi 60 kama Marekani ziachwe. Umeme wetu ni volti 220, hezi 50.

Hapa kuna njia ya tano ambayo wauzaji wa klima hawaitaji: feni ya maji, ile inayopuliza hewa kupitia pedi iliyolowa. Septemba na Oktoba hewa ikiwa 32 °C na unyevu wa asilimia 35, pedi nzuri inaweza kutoa hewa ya karibu 24 °C kwa wati zisizofika 200. Januari, hewa ikiwa 27 °C na unyevu wa 80, haitashusha hata nyuzi 3, na itazidisha chepechepe. Inataka dirisha wazi na maji ya kila siku, na tangi lake libadilishwe maji kila siku tatu ili mbu wasizalie humo. Kwa nyumba isiyoweza kumudu klima, ni suluhisho la heshima kwa miezi miwili ile mikali.

Klima ya darini: inastahili lini?

Hii ndiyo pekee kati ya zote inayoweza kupoza na kuchuja vumbi laini kwa wakati mmoja. Pia ndiyo inayoharibiwa zaidi na ufungaji mbovu.

Uwezo wake wa kuchuja unategemea nguvu ya feni ya kusukuma, inayopimwa kwa paskali, Pa. Mashine nyembamba za darini husukuma Pa 10 hadi 30 tu. Za kati hufika 100 hadi 150. Filta ya kukamata vumbi laini, ya daraja la ePM1 50% (zamani iliitwa F7), inaweza kula Pa 60 hadi 100 ikiwa mpya, na zaidi ikichafuka. Ukiiweka kwenye mashine nyembamba, hewa inakatika, koili inaganda, maji yanashuka kwenye plafo. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji si BTU. Ni Pa ngapi.

La pili ni mdomo wa kurudishia hewa. Mashine ya 18,000 BTU inazungusha takriban mita za ujazo 900 hadi 1,000 kwa saa. Ili hewa ipite bila kelele na filta isibanwe, kasi isizidi mita 1.5 kwa sekunde, yaani mdomo wa angalau sentimita 40 kwa 50. Mafundi hupenda kukata 30 kwa 30 kwa kuwa unaonekana mdogo na mzuri. Hapo ndipo klima ya bei kubwa inageuka kelele.

La tatu ni darini penyewe. Chini ya manjanja, mchana wa Oktoba, joto la darini linapita la nje kwa mbali sana. Mfereji usiovikwa sufi ya angalau milimita 25 utafikisha hewa vuguvugu chumbani. Maungio yasiyozibwa kwa utepe wa alumini yanavuta vumbi la darini, pamoja na kinyesi cha popo na panya, na kuvipuliza kitandani. Mfumo uliowekwa kwa ajili ya hewa safi unakuwa ndio chanzo cha uchafu. Acha pia mlango wa plafo wa sentimita 60 kwa 60 chini ya mashine, na sinia la pili lenye bomba lake. Asiyeacha mlango atabomoa plafo siku ya kwanza ya usafi.

Uamuzi wetu: klima ya darini inafaa nyumba inayojengwa au inayofanyiwa ukarabati mkubwa, yenye plafo, yenye vyumba vitatu vinavyotumika pamoja, na umeme wa kuaminika au jenereta. Kwa nyumba ya kawaida ya Kampemba, Katuba au Ruashi, klima mbili za ukutani zinazojitegemea ni bora: umeme ukiwa mdogo unawasha moja, ya chumba cha kulala.

| Njia | Ichague ikiwa | Vumbi laini | Kinachoharibika kwanza |
|---|---|---|---|
| Kusafisha kabisa | tofauti ya joto inarudi 8 °C na zaidi | haisaidii sana, ila huondoa harufu na ukungu | fundi kulowesha kadi |
| Ya ndani pekee | mfano uleule, chini ya miaka 5, si R22 | haibadiliki | kutoelewana kwa kadi |
| Seti ya kawaida | volti ni nzuri na bajeti ni ndogo | haibadiliki | kompresa, kwa volti ndogo |
| Seti ya inverta | matumizi ya usiku kucha, jenereta au jua | haibadiliki | kadi ya nje, kwa radi |
| Klima ya darini | ujenzi mpya, Pa 100 na zaidi | ndiyo pekee inayochuja vizuri | mifereji na mabomba ya maji |

Usafi wa hewa ununuliwe peke yake

Ukiwa na klima za ukutani, mashine ya kuchuja hewa iliyowekwa sakafuni itafanya kazi ambayo klima haiwezi. Usiangalie taa wala harufu; angalia mita za ujazo kwa saa. Chukua ujazo wa chumba, zidisha kwa 5. Chumba cha mita 4 kwa 4, kimo mita 2.8, kina mita za ujazo 45 hivi. Tafuta mashine ya 225 na zaidi. Filta yake inunuliwe mbili pamoja, maana ya kubadilishia ndiyo hukosekana.

Vumbi la mji huu si udongo mtupu. Utafiti uliochapishwa 2009, ulioshirikisha watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa watu wa Katanga wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha madini, na zaidi kwa watoto. Kwa hiyo filta isikung'utwe uani wala kupigwa ukutani. Ioshwe kwa maji, mdomo na pua vikiwa vimefunikwa, na maji yake yamwagwe chooni au kwenye mtaro, si kwenye bustani ya lengalenga. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa kilicholowa. Fagio kavu linarudisha hewani kile ulicholipa kukichuja.

Halafu hewa mpya. Feni ndogo ya bomba la sentimita 10, yenye filta kwenye mdomo wake, ikiingiza mita za ujazo 60 kwa saa, inatosha chumba cha watu wawili. Ikisukuma ndani hewa nyingi kidogo kuliko inayotolewa, hewa inavuja kwenda nje kupitia nyufa, na vumbi la barabara halipati njia ya kuingia. Mdomo wake uwe juu ya mita 2, upande usio na barabara, mbali na choo na jiko.

Na mbali kabisa na jenereta. Moshi wa jenereta na wa mbabula una monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu ambayo hakuna filta ya nyumbani inayoizuia, hata iwe ghali namna gani. Chumba kilichofungwa vizuri kwa ajili ya klima, chenye mbabula ndani au jenereta chini ya dirisha, kinaua watu usingizini. Makala yakiwaka, yakae nje. Hakuna mjadala hapo.

Siku ya kufunga, simama karibu

Kipimo cha mvujo kifanywe kwa azoti, yaani naitrojeni, bar 30 hadi 40 kadiri kitabu cha mashine kinavyoruhusu, na povu la sabuni kwenye kila ungio. Fundi akija na chupa ya oksijeni ya kulehemu, mzuie. Oksijeni yenye shinikizo ikikutana na oili ya kompresa inalipuka.

Kisha pampu ivute hewa yote na unyevu kwa dakika 20 hadi 30, zaidi wakati wa mvua, ifungwe, na kusubiriwa dakika 15 bila sindano kurudi. Hapa mwinuko unachanganya watu: manometa ya kawaida inapima kwa kulinganisha na hewa iliyoizunguka, na hewa ya Lubumbashi ina karibu bar 0.88 tu. Sindano itasimama karibu −0.88, haitafika −1, hata kazi ikiwa kamilifu. Fundi aliyesomea pwani anaweza kutafuta mvujo usiokuwepo. Mwenye kipimo cha elektroniki cha utupu afike mikroni 500.

Gesi ya ziada ipimwe kwa mizani, si kwa kukisia. Seti nyingi hutoka kiwandani na gesi ya kutosha mita 5 za bomba. Kila mita inayozidi huongezewa takriban gramu 20 kwa mashine ndogo, na namba kamili iko kwenye kibandiko. R410A ijazwe chupa ikitoa kimiminiko, kwa kuwa ni mchanganyiko wa gesi mbili. R32 inaweza kushika moto, hivyo hakuna sigara wala kulehemu karibu wakati wa kujaza.

Waya wa shaba wa mm² 2.5 na disjonkta yake ya ampea 16 au 20 kwa mashine mpaka 18,000. Mm² 4 kwa 24,000. Bomba la maji literemke sentimita 1 kwa kila mita, bila kupanda mahali popote. Mashine ya nje ikae kivulini, sentimita 30 kutoka ukutani, na kama unaifungia kizimba kwa kuogopa wezi, vyuma viwe vyembamba na viachane: kizimba cha bati kilichotobolewa kinairudishia joto lake lenyewe.

Filta za wavu zioshwe kila wiki mbili kuanzia Mei hadi Oktoba, mara moja kwa mwezi wakati wa mvua. Koili na gurudumu vioshwe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Agosti kabla ya joto, na Aprili mvua ikikatika. Andika kwa wino wa kudumu, ndani ya mfuniko wa mashine ya nje, aina ya gesi, uzito wake wote na tarehe. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu atajaza kwa mizani badala ya kubahatisha.